Ulimi wa Msemaji na Mkono wa Msikilizaji

Kwa miaka mingi nilijipatia riziki yangu kwa kufundisha tamathali za semi. Kila mwaka darasa jipya liliketi mbele yangu, nami nikaandika ubaoni orodha ile ile: tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri, tashititi, tafsida, kejeli, mubalagha. Wanafunzi walinakili, wakatoa mifano, na mtihani ulipofika wakatakiwa kutaja tamathali tano katika kifungu cha habari na kueleza kila moja. Walio wengi walizipata. Niliamini, tena niliwaambia hivyo, kwamba mtu anayezijua mbinu hizi hawezi kudanganywa kwa urahisi na maneno ya watu. Siku hizi siamini hivyo tena, na sababu yake ni jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa sekondari katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa, upande wa Usukuma. Msimu ule watoto wengi walikufa. Ulikuwa ugonjwa wa surua, na sisi tuliosoma kidogo tulijua hivyo, lakini kulijua jina la ugonjwa hakumpunguzii mzazi uchungu wake. Uvumi ukaanza juu ya bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake karibu na bonde. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya wanawake wengi wazee wa sehemu zile, ambao wamepika maisha yao yote kwa moshi wa kuni na wa mavi makavu ya ng'ombe. Wala hili halikuwa jambo la mzaha. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wako wanawake wazee waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya macho kama yale.

Mkutano uliitishwa siku ya Jumapili alasiri, chini ya mwembe. Aliyesimama kusema alikuwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na sauti ya upole. Alianza kwa kusema kwamba yeye si msemaji, hakusoma, ni mchungaji tu, na kwamba kama angekuwa na elimu ya walimu waliokuwapo pale angeyapanga maneno yake vizuri zaidi. Watu wakacheka kwa kumpenda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: ni nani hapa ambaye mwaka huu hajashika jembe kuchimba kaburi dogo? Hakuna aliyejibu, wala swali lenyewe halikutaka jibu. Akaanza kuwahesabu watoto. Alikufa wa kwanza, tukanyamaza. Alikufa wa pili, tukanyamaza. Alikufa wa tatu, tukanyamaza. Alipofika wa tano watu walikuwa wakilitamka neno lile pamoja naye, kama kiitikio cha ngoma. Jina la bibi hakulitaja hata mara moja. Alisema tu "yale macho", na kila mtu akageuka kutazama upande wa wanawake, mahali alipoketi. Akapigilia msumari kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wala hakupendekeza kwamba bibi afukuzwe, la hasha. Alipendekeza kwamba mama yetu "akapumzike kwa ndugu zake".

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la walimu, nikihesabu. Kule kujishusha kwa msemaji nilikuona. Tashititi niliitambua. Takriri ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kuwapa wanafunzi wangu, na tafsida ya mwisho ilinifanya nitikise kichwa kwa kustaajabu. Nakumbuka niliwaza kwamba kesho yake nitaitumia hotuba ile darasani. Ilipotangazwa kwamba wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ikanyooka, na wangu ulikuwamo.

Nikiulizwa kama niliamini kwamba bibi yule ni mchawi, jibu langu ni hapana. Sikuamini wakati ule, wala siamini leo. Lakini pale chini ya mwembe, katikati ya watu waliofiwa, niliona kana kwamba kuuacha mkono wangu chini kungekuwa kuwadharau wafiwa na kuyapuuza makaburi ya watoto wao. Hivyo ndivyo nilivyonaswa, pamoja na elimu yangu yote.

Asubuhi yake bibi alipita nyumbani kwangu. Nilikuwa na deni lake la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. "Mwalimu," akasema, "nimefuata zile za michembe, maana naondoka." Nikampa. Akazihesabu, akazifunga katika pindo la khanga yake, akaenda zake. Hakuniuliza kitu. Kabla mwaka haujaisha, shamba lake la bondeni lilikuwa likilimwa na mtoto wa yule msemaji.

Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: kuna faida gani kuutambua ufundi wa msemaji, ikiwa anayeutambua anaweza kuvutwa sawasawa na asiyeutambua?

Swali hili si geni. Huko Ugiriki ya kale, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kitabu kizima juu ya sanaa ya kushawishi. Alisema kwamba msemaji anazo njia tatu za kumfikia msikilizaji. Ya kwanza ni tabia ya msemaji mwenyewe, jinsi anavyojionyesha kuwa mtu wa kuaminiwa. Ya pili ni moyo wa msikilizaji, yaani hasira yake, huruma yake, hofu yake, kwa kuwa mtu mwenye hasira hahukumu kama mtu aliyetulia. Ya tatu ni hoja yenyewe. Nikiipima hotuba ya pale mwembeni kwa kipimo hiki, naona kwamba ile njia ya kwanza ilitimizwa kwa kujishusha, na ya pili kwa makaburi. Ya tatu haikuwapo kabisa. Mahali pa hoja paliwekwa methali. Na methali, ndugu msomaji, ina hatari yake: husemwa kwa sauti ya wahenga, na ni nani atakayesimama kubishana na wahenga? Lakini wahenga hao hao waliosema kwamba haraka haraka haina baraka ndio waliosema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hupamba neno ambalo limekwisha kuthibitishwa, lakini yenyewe haiwezi kuwa ushahidi.

Plato, mwalimu wa Aristotle, alikuwa mkali zaidi. Katika mazungumzo yake yaitwayo Gorgias anamleta Sokrate akiufananisha ufundi wa kusema na upishi. Anasema kwamba tabibu akishitakiwa na mpishi mbele ya baraza la watoto wadogo, tabibu atashindwa, kwa kuwa yeye anawanywesha dawa chungu hali mwenzake anawapa vitu vitamu. Nilipousoma mfano huu nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba katika baraza letu la kijiji alikuwamo hata bwana afya, naye mkono wake niliuona juu.

Mfano ulionisaidia zaidi, hata hivyo, niliupata katika kitabu nilichokuwa nacho rafuni siku zote. Mwalimu Nyerere, hali akiwa Rais wa nchi, alifanya kazi ya kuitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Nilikuwa nimeifundisha tamthilia hiyo mara kadhaa. Kama kila mwalimu, nilikuwa nikisimama kwenye hotuba mbili za sokoni, ile ya Bruto na ile ya Antonio, nikiwaambia wanafunzi wazilinganishe.

Bruto anatangulia. Anasema kwa nathari, kwa sentensi fupi zilizopimwa, na anauomba umati umwamini kwa sababu ya heshima yake. Anauliza maswali ambayo jibu lake limekwisha kufungwa ndani yake: ni nani hapa anayependa kuwa mtumwa? Umati unakubali. Antonio anafuata, naye anasema kwa mashairi. Ameruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, basi anawasifu. Anairudia sifa moja ile ile ya Bruto, mara ya kwanza kwa unyenyekevu, mara ya pili kwa mashaka kidogo, hadi sifa inageuka kuwa kejeli na watu wenyewe wanaikataa kwa vinywa vyao. Anaitoa hati ya wosia, kisha anakataa kuisoma, ili waisomee tamaa yao wenyewe. Anasema yeye si msemaji kama Bruto. Anashuka, anawakusanya kuizunguka maiti, analionyesha vazi lililotobolewa na kuutaja mkono uliotoboa kila tundu. Hapo nilikuwa nikiwauliza wanafunzi: Antonio alijuaje? Maana wakati Kaizari alipochomwa, Antonio hakuwapo. Mmoja wa wala njama alikuwa amemtoa nje. Hakuona kisu hata kimoja.

Haya yote niliyafundisha vizuri. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nikiishia hapo, kama mtihani ulivyotaka. Baada ya mambo ya 1986 niliirudia tamthilia ile, safari hii nikisoma yanayofuata. Yanayofuata ni mambo mawili. La kwanza, umati uliotoka sokoni unakutana njiani na mtu aitwaye Sina. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaambia kwamba yeye ni Sina mshairi, si yule mla njama. Hawamsikilizi, nao wanamshukia. La pili ni dogo, tena laweza kumpita msomaji. Katika wosia ule Kaizari alikuwa amewaachia raia wa Rumi fedha kwa kila kichwa pamoja na bustani zake, na kwa ajili ya wosia huo watu walilia na kuchoma nyumba. Katika onyesho la kwanza la sehemu ya nne, Antonio ameketi na wenzake wawili, wakiandika orodha ya watu watakaouawa. Anamtuma mmoja wao akaulete wosia, ili watazame jinsi ya kupunguza yale yaliyoahidiwa.

Niliposoma hapo nililiona lile shamba la bondeni.

Tamthilia hii ilinifundisha kwamba hotuba haipimwi mahali inaposemwa. Pale sokoni, pale mwembeni, vipimo vyote vimo mikononi mwa msemaji. Hata usahili ni pambo, kama tulivyoona kwa wawili waliosema kwamba hawajui kusema. Na mimi niliyejiona salama kwa kuwa nilikuwa nikizihesabu tamathali, nilikuwa nimekwisha kuchukuliwa. Kuufurahia ufundi ni namna mojawapo ya kuukubali. Akili yangu ilikuwa na kazi nyingi ya kutaja majina ya vitu hata ikasahau kuuliza: mtu huyu anataka tumfanye nini bibi huyu?

Kwamba elimu peke yake si kinga, jirani zetu wa Rwanda walilijua kwa gharama isiyosemeka. Redio iliyojulikana kama RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na katika miezi ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikuwa ikiwaita Watutsi mende. Kuua kuliitwa kazi. Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu atakujibu bila kusita: neno la kwanza ni sitiari, la pili ni tafsida. Mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana, alikuwa profesa wa historia wa chuo kikuu. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, hapa hapa kwetu, ilimtia hatiani mwaka 2003 pamoja na wenzake wawili. Katika rufani ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yalitenguliwa na adhabu yake ikawa kifungo cha miaka 30. Majaji wale walifanya ile kazi tuliyowapa wanafunzi wetu, ya kuchambua maneno, ila wao waliichambua wakiwa na mifupa ya watu mbele yao.

Je, tuseme basi kwamba mapambo ya maneno ni mabaya, na mtu mwema aseme makavu tu? Nimewasikia wenye msimamo huo, nami siwezi kukubaliana nao. Tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, Martin Luther King alihutubia umati mkubwa mbele ya sanamu ya Lincoln. Takriri zake zinajulikana dunia nzima. Lakini mwanzoni mwa hotuba ile kuna sitiari nyingine inayostahili kutazamwa: aliifananisha ahadi ya haki iliyomo katika nyaraka za msingi za Marekani na hundi ambayo watu weusi walipewa, nayo ikarudishwa kwa kuwa akiba haitoshi. Linganisha sitiari hii na ile ya mende. Hundi yaweza kukaguliwa. Anayetaka na aende akazisome nyaraka, azitazame sheria na vituo vya kupigia kura, aone kama deni lipo. Tena mwenye kudaiwa anabaki kuwa mtu; anatakiwa kulipa, hatakiwi kufa. Sitiari ya mende haina cha kukagua. Kazi yake ni kumwondoa mtu katika hesabu ya watu, ili lolote litakalofuata lisiitwe uovu. Zote mbili ni sitiari, na katika mtihani zote zingepata alama moja. Ndiyo maana nasema mitihani yetu haikutosha.

Basi siku hizi nikisikia hotuba inayonisisimua, sijizuii kusisimka. Mtu asiyesisimka si mwenye busara zaidi, ni mgumu tu. Lakini najiuliza maswali ambayo sikujiuliza pale chini ya mwembe. Kwanza, mapambo yakishaondolewa, ni tendo gani ninaloombwa, na litamwangukia nani? Pili, huyo litakayemwangukia amepewa nafasi ya kusema? Bibi yule aliketi hatua ishirini kutoka kwa msemaji, na katika alasiri nzima hakuna aliyemwuliza neno. Sina naye alisema, wakakataa kusikia. Tatu, jambo hili laweza kungoja mpaka kesho? Kwa mfano wa hundi, kukicha bado mwenye kutaka kukagua ataikuta ahadi ile ile. Uongo hutaka mikono inyooke kabla jua halijazama.

Limebaki jambo moja, na ni zito kwangu kuliko yote. Aristotle aliandika pia kwamba sanaa ya kusema inafaa kwa kuwa kweli yaweza kushindwa kwa kukosa mtetezi anayejua kusema. Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu la mwaka 1986 lilikuwa kuinyoosha mkono, na kweli lilikuwa kosa. Lakini hata kama ningeuacha mkono wangu chini, bibi angeondoka vile vile. Mkono mmoja usingeigeuza hesabu. Katika mkutano ule alikuwapo mtu mmoja aliyelipwa mshahara wa serikali ili ajue takriri ni nini na tashititi ni nini. Mtu huyo angeweza kusimama na kuuliza: ni nani hapa aliyemwona bibi huyu akifanya baya lolote? Angeweza kuwahesabu watoto aliowapokea kwa mikono yake wakati wa kuzaliwa, maana kabla macho yake hayajaharibika alikuwa mkunga, na nusu ya waliokuwa wakimtazama alikuwa amewakata kitovu. Alizaliwa wa kwanza, naye alikuwapo. Alizaliwa wa pili, naye alikuwapo. Maneno yalikuwapo, tena yalikuwa ya kweli. Pengine yasingefaa kitu. Lakini bibi yule mwenyewe hakuwa na ufundi huo, nami nilikuwa nao, nikautumia kumpa alama aliyekuwa akimfukuza.

Nilipostaafu, mwalimu kijana aliyepokea vipindi vyangu aliniomba ile orodha yangu ya tamathali. Nikampa. Chini yake nilikuwa nimeongeza sentensi moja kwa mkono, nikimwomba kwamba baada ya wanafunzi kuzitaja tamathali za hotuba, awaombe pia waandike jibu la yule ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Sijui kama anafanya hivyo. Haimo katika mtihani.